Tandabui katika kiwanda cha korosho: tulivyozipunguza hapa Malindi

Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya mji wa Malindi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, paa ni la mabati lililobebwa na vyuma virefu, na madirisha ni mapana ili upepo upite. Kwa mfanyakazi ni jengo zuri. Kwa wadudu ni zuri zaidi. Nilipokabidhiwa kazi ya usafi na ubora, jambo la kwanza nililopewa kushughulikia lilikuwa tandabui. Zilining'inia kwenye pembe za paa, zilizunguka nyaya za umeme, na nyingine zilikuwa moja kwa moja juu ya meza ambapo akina mama wanamenya na kuchagua korosho. Mnunuzi mmoja alipita, akatazama juu, akaandika kitu kwenye karatasi yake bila kusema neno. Baadaye oda ikasimamishwa hadi tueleze tutafanya nini.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengine walitaka tupulize sumu kuta zote, wengine siki, wengine majani ya mwarobaini yafukizwe usiku. Mimi nilianza na swali dogo: buibui anakula nini humu ndani? Korosho hali. Anakula wadudu, na hapotezi nguvu zake kutanda mahali pasipo na chakula. Kwa hiyo badala ya kuamrisha zote zifagiliwe asubuhi ile ile, niliomba ziachwe kidogo. Nikachora ramani ya jengo kwenye karatasi, nikapita na tochi, kila penye tandabui nyingi nikatia alama na kuandika kilichonaswa ndani yake.

Ile karatasi ndiyo iliyotufundisha kazi. Juu ya mlango mkubwa wa kupakilia, tandabui zilijaa mbawa za kumbikumbi, mbu na nondo wadogo wa kijivu. Juu ya mlango huo palikuwa na taa kubwa nyeupe yenye kutoa urujuanimno mwingi, mwanga ambao wadudu wa usiku huukimbilia hata kama sisi hatuuoni. Usiku mlango ukifunguliwa kupokea gari, wadudu waliokuwa wakizunguka taa walipata njia ya kuingia. Kwenye kuta za upande wa pili, ambako hapakuwa na taa, tandabui zilikuwa chache.

Tukaiondoa taa ile mlangoni. Tulisimamisha mlingoti uani, mbali na jengo, tukafunga taa ya LED ya rangi ya manjano inayomulika kuelekea mlangoni. Mlango unaonekana vizuri, lakini wadudu wanaovutwa na mwanga wanabaki kule mlingotini. Askari wa usiku alikuwa na wasiwasi, na nilimpa haki yake. Alisema, "Dada, kwenye giza mimi ndiye nitakayeulizwa kitu kikipotea." Tulikaa naye usiku, tukageuza taa mpaka akaona uso wa mtu aliyesimama mlangoni. Asiporidhika askari, taa ya zamani hurudishwa siku utakapokuwa hupo.

Kuhusu sumu ya kupuliza ukutani, nitasema wazi kwa nini siitegemei kwa buibui. Mende hutembea huku mwili ukigusa ukuta, tena hujilamba miguu na vipapasio vyake, kwa hiyo sumu iliyokauka ukutani humpata. Buibui hutembea kwa ncha za miguu, mwili ukiwa juu, na muda mwingi yuko kwenye nyuzi zake, hayuko ukutani. Unamaliza fedha, unaweka sumu karibu na chakula cha watu, naye yupo. Kinachomwondoa ni ufagio pamoja na njaa. Tulifunga ufagio wa njukuti kwenye upondo mrefu ili kufika kwenye vyuma vya paa, na tukawa makini na vifuko vya mayai, vile vidonge vyeupe vya hariri, kwa sababu kimoja kinaweza kuwa na mayai makumi, hata mamia. Ukivunja nyuzi na kuacha vifuko, umefanya nusu ya kazi. Tunafagia mashine zikiwa zimezimwa na meza zikiwa zimefunikwa, kisha kilichoanguka kinatolewa nje hapo hapo na kuchomwa.

Jambo lililonifungua macho zaidi, hata hivyo, sikulivumbua mimi. Ni mama mmoja wa Kigiriama, mkongwe kuliko sote kwenye meza ya kuchagua. Nilikuwa nikieleza kuhusu tandabui zilizokuwa juu ya magunia ya vipande vya korosho, akanishika mkono.

"Mwanangu, hii si ya buibui. Hebu itazame."

"Umejuaje, mama?"

"Buibui hutanda hewani apate kunasa. Utando huu umelala juu ya korosho zenyewe, na umezishikanisha. Tena una unga."

Alivunja bonge la vipande vilivyogandamana kwa nyuzi, na ndani yake kulikuwa na kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Ilikuwa kazi ya nondo wa ghala. Nondo hawa wanapenda korosho, mbata, kakao, matunda makavu na nafaka, na joto la pwani linawafaa: kwenye joto la karibu nyuzi 30 kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi. Kiwavi huacha nyuzi kila anapopita, na unga ule ni kinyesi chake na mabaki ya alichokula. Akikomaa huacha chakula na kupanda ukutani, wakati mwingine mpaka darini, kutafuta ufa wa kujisokotea kifuko. Hapo nikaelewa kwamba baadhi ya nyuzi tulizokuwa tukizifagia juu, huku tukimlaumu buibui, zilitoka kwenye magunia yetu wenyewe.

Tangu siku hiyo tunatenganisha aina mbili. Nyuzi zilizo hewani au kwenye pembe, zenye mabawa na miguu ya wadudu, zinaniambia kuna njia ya kuingilia karibu na hapo. Nyuzi zilizoshikamana na mzigo, au vifuko vilivyojipanga kwenye ufa juu ya mzigo, zinaniambia chakula kinaliwa. Ya kwanza natafuta mwanya, ya pili nafungua magunia. Tulitundika pia mitego ya gundi yenye harufu ya nondo jike. Inanasa madume tu, kwa hiyo haimalizi nondo, ila inaonyesha wako wapi na wanaongezeka wakati gani. Mtego unaojaa ghafla unanipeleka kwenye gunia lililo chini yake.

Na mara nyingi gunia hilo ni la vipande. Korosho iliyo ndani ya ganda lake gumu ina ulinzi wake. Ikishabanguliwa, ikakaushwa na kumenywa, iko uchi, na vipande na chenga ndivyo vinavyoliwa kwanza, na nondo na vile vidudu vyekundu vya unga ambavyo jike wake hutaga mayai mamia maishani mwake. Zamani korosho nzima za daraja la juu zilifungwa haraka kwa sababu zina bei, vipande vikasubiri kwenye kona mpaka apatikane mteja. Tukageuza utaratibu: vipande vinafungwa siku ile ile kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kilichotangulia kuingia ghalani ndicho kinachotangulia kutoka. Magunia yako juu ya paleti, nusu mita kutoka ukutani, mtu aweze kupita na tochi nyuma yake.

Vumbi la korosho lilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Vijana wa mashine walizoea kusafisha kwa upepo wa kompresa, na kweli mashine ilibaki inang'aa. Lakini lile vumbi halikutoweka. Lilipanda juu ya vyuma vya paa, likatua kwenye tandabui na kwenye nyufa, likawa chakula cha vidudu mahali ambapo ufagio haufiki. Sasa tunatumia mashine ya kufyonza, na kompresa inaruhusiwa kwenye mota peke yake, nje ya chumba cha kuchagulia. Ngozi nyembamba za korosho hazilali ndani. Maganda magumu, ambayo tunayachoma kwenye tanuri kwa kuwa yana mafuta mengi, tuliyahamisha kutoka ukuta wa nyuma hadi mwisho wa uwanja. Rundo lile lilikuwa makao ya panya, na kuliegemeza ukutani ni kuwajengea ngazi.

Panya mdogo hupita kwenye mwanya wa milimita 6 hivi, unene wa penseli nyembamba. Basi nilizunguka jengo zima na penseli mkononi, kila inapoingia naweka alama. Mawe ya matumbawe yana matundu kwa asili yake, na plasta ikishaliwa na chumvi huanguka vipande vipande. Hapa yeyote anayefanya kazi karibu na bahari anisikilize: usinunue wavu wa bei rahisi. Wavu wa chuma cha kawaida tuliowekewa na fundi ulianza kushika kutu mapema, na msimu wa kusi ulipopita ukawa unavunjika kwa kidole. Pamba ya chuma ambayo watu hushauri kuzibia matundu nayo huliwa na kutu vivyo hivyo. Tuliweka wavu wa chuma kisichoshika kutu kwenye matundu ya chini, tukazungushia saruji. Madirishani tulitumia wavu wa plastiki wenye matundu madogo, uliofungwa kwenye fremu inayotolewa na kuoshwa, maana wavu uliojaa vumbi huzuia upepo, na wafanyakazi wakishikwa na joto watauchana. Nisingewalaumu. Chini ya milango tuliweka mipira inayogusa sakafu.

Nilijaribu pia unga wa diatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Hukwaruza nta iliyo juu ya ngozi ya mdudu, akakauka na kufa, na watu wa bara wanausifu. Tatizo ni unyevu wetu. Hewa ya pwani inapojaa maji, unga huo hupungua nguvu na kushikana. Tunautumia wakati wa kaskazi tu, hewa inapokuwa kavu zaidi, ndani ya nyufa kavu, mbali na meza za kazi, na anayeupaka anavaa barakoa.

Paka tulimwondoa ndani, ingawa kila mtu alimpenda. Manyoya na kinyesi havina nafasi karibu na chakula, na mjusi kafiri naye ni vivyo hivyo: anakula wadudu, lakini kinyesi chake kinaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Wadudu walipopungua, mijusi nao walipungua bila kufukuzwa.

Kufukiza ghala tunafanya mara chache, kabla ya mzigo mpya wa msimu unaoanza mwezi wa Novemba, na hiyo kazi siikubali ifanywe na kibarua. Vidonge vya kufukizia hukutana na unyevu wa hewa vikatoa gesi ya fosfini, ambayo humuua binadamu kama inavyomuua mdudu. Anakuja mtu mwenye leseni, dawa ni iliyosajiliwa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, mzigo unafunikwa kwa turubai na kuzibwa kingo, na hakuna anayelala humo wala kwenye chumba kinachopakana nalo mpaka kipimo cha gesi kiseme pako salama. Hata askari tulimhamishia lango la mbele. Juu ya hili sibishani na mtu kuhusu gharama.

Oda ilirudi, na sasa meza za akina mama hazina kitu juu yake isipokuwa mabati. Kazi iliyobaki ni ya popo waliojificha chini ya kofia ya paa, upande wa mashariki. Fundi alitaka kuziba tundu mara moja mchana, nikamzuia, kwa sababu wangefungiwa ndani na kuoza juu ya mzigo. Tunangoja watoto wao waweze kuruka, kisha tutaning'iniza wavu uliolegea unaowaruhusu kutoka jioni na kuwazuia kurudi. Tundu litazibwa tukishahakikisha kwamba hakuna aliyebaki.