Mradi wa vyura: kazi imehamia kwenye tope

Mvua zimekolea Dodoma na lile dimbwi la upande wa Hombolo limeanza kushika maji, ila huyu chura ninayemfuatilia (kisayansi Hemisus marmoratus) mambo yake anaanza mapema, tope likilowa tu, ukisubiri dimbwi lijae ndo uende na tochi unakuta shughuli kubwa ishapita.

Vyura wengi wa kuchimba wanazama kinyumenyume, miguu ya nyuma inakwangua udongo. Huyu anaingia kichwa kwanza! Pua imechongoka na ni ngumu, mikono mifupi minene, anasukuma na kukwangua mara haonekani. Anakula sana mchwa na sisimizi. Na ulimi wake haurushi kwa kasi kama vyura wengine, misuli inaubana unakuwa mwembamba na kurefuka, ncha inamshika mchwa inamvuta.

Kwenye uzazi ndo nimezama kabisa. Dume anaita pembeni mwa dimbwi, mlio mmoja mrefu zzzzzz, kwenye rekodi ya simu unaweza kuapa ni nyenje. Jike akija dume anamkumbatia kiunoni halafu jike ndo anachimba, anashuka na mzigo wake mgongoni, mayai yanatagwa kwenye chumba chini ya tope na mama anabaki nayo. Viluwiluwi wanaanguliwa humohumo. Maji yakipanda yakafika chumbani wanatoka, yakichelewa mama anaweza kuchimba njia ya kuwafikisha majini, watafiti waliowafuatilia kule Comoé, Côte d'Ivoire, waliandika hayo 1999. Yaani kwa mvua zetu hizi za kukatika katikati ya Januari, naona huo ni mpango wa akili sana.

Kwa hiyo sifukui shimo lolote. Sehemu sauti inapotokea nachomeka bua la mtama, kukicha napima umbali mpaka kwenye maji, na maji yakisogea napima tena. Ng'ombe wanaokuja kunywa wananipa wasiwasi, wanakanyaga ukingo uleule wenye mayai. Nilienda kumwamkia mzee mwenye shamba la uwele pale jirani nikamwomba asilime ule ukanda mpaka maji yaufunike, akasema, "Haya mwanangu, ila ng'ombe uongee na vijana wenyewe." Jumamosi naenda kuongea nao, tuone kama watakubali kunyweshea upande wa pili wenye mawe.