Mashine yangu ndogo ya espreso na ile kubwa ya shemegi

Nimekulia Malindi ya hapa Unguja, hatua chache kutoka baraza la kahawa, kwa hiyo kahawa chungu ya kwenye dele, na kashata pembeni, naijua tangu utoto. Espreso, kahawa nzito inayokamuliwa na mashine kwa shinikizo la maji moto, niliijulia kazini hotelini, nikaipenda hasa. Miaka miwili iliyopita nikanunua mashine ndogo ya nyumbani, laki nne na nusu. Mwezi mzima ikanipa povu zuri na kahawa isiyo na ladha.

Siku moja nikakitoa kichujio chake, kile kikombe cha chuma kinachotiwa kahawa, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kina matundu mengi, lakini chini yake, kwa nje, kipo kitundu kimoja tu kama kimetobolewa kwa sindano. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kichujio cha namna hii: kinaibana kahawa hata kama imesagwa ovyo, ili povu lipatikane. Nikaagiza cha matundu wazi, cha milimita 51. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Kahawa yangu ya pakiti ilikuwa imesagwa kubwa mno. Maji yalipita kwa sekunde nane na kikombe kikawa kichachu kama ukwaju.

Nikanunua kisagio cha mkono kwa bei inayokaribia ya mashine yenyewe, wala sijutii hata shilingi. Sasa natia gramu 16 za arabika ya Kilimanjaro, natoa gramu 32 za espreso kikombeni kwa sekunde 27 hivi. Kabla ya hapo napitisha maji moto matupu, ili chuma chote kipate joto. Kahawa naifunga kwenye kopo lisilopitisha hewa, maana unyevu wa hapa hauisamehe. Na maji ya bomba siyatii kabisa: kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, chokaa imejaa kwenye maji, tazama tu birika lako ndani. Natumia ya chupa.

Shemegi yangu wa Mbweni ana mashine ambayo bei yake ingenunua kumi na tano kama yangu. Ina maboila mawili, yaani matangi ya kuchemshia maji, moja la kahawa na moja la mvuke, na kidhibiti kinachoshika joto palepale ulipoliweka. Kichwa chake, pale kinapofungwa kichujio, ni E61, muundo ulioletwa na Faema ya Italia mwaka 1961: pande zito la shaba ambalo maji moto huzunguka ndani yake. Ile yangu boksi lake linajisifia shinikizo la bari 15, wakati espreso yenyewe inataka kama 9 tu.

Tukazijaribu. Yeye kwa kahawa yake ya pakiti, kwenye mashine yake, akapata uchachu ule ule niliokuwa nikiupata mimi. Tulipotumia kahawa niliyosaga mimi katika mashine zote mbili, kikombe cha kwanza nilikionja mara tatu kabla ya kuiona tofauti. Kuanzia cha tatu yangu ikaanza kuyumba joto; yake kila kikombe kilikuwa pacha wa mwenziwe.

Ubora wake niliushuhudia Ramadhani, wageni tisa baada ya tarawehe, nusu yao wakitaka maziwa. Alitoa kahawa huku mvuke ukichemsha maziwa kwa wakati mmoja. Kwa yangu, kila kikombe cha maziwa kingekuwa na kungoja kwake, na wa mwisho angekunywa usiku wa manane. Lakini ile inataka nusu saa kupata moto, na umeme ukikatika dakika ya ishirini, unaanza upya. Yangu iko tayari kabla sijamaliza kusaga.

Kwa vikombe viwili vya alfajiri, mimi nabaki na yangu. Shemegi naye ameshaagiza kisagio.