Jeff Bridges na Widelux yake

Jamani kumbe Jeff Bridges, yule muigizaji wa Marekani, ni mpiga picha wa ukweli, sio selfi za kujipamba kama mastaa wetu (samahanini). Anatumia Widelux, kamera ya filamu ambayo lenzi inazunguka toka upande mmoja mpaka mwingine ndo maana picha inatoka ndeefu, anawapiga picha wenzake wakiwa lokesheni alafu anawatengenezea kitabu. Muigizaji anatoka mara mbili kwenye picha moja, huku kanuna huku anacheka, yaani anawahi upande wa pili kabla lenzi haijafika! Nami nikajaribu panorama ya simu hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, dogo akapita mbio nyuma yangu kuwahi upande wa pili akiruka magunia ya viazi, wamama wakamzomea weee, ila katoka wawili bwana, mmoja hana kichwa 😂