Jinsi nilivyopata nafasi ya kuandika katikati ya kuku na mbuzi

Lindi mwezi Desemba, kabla mvua hazijashika, ikifika saa nne asubuhi joto halikuachii akili ya kuandika. Na kila nikishika daftari, kuku wamemwaga maji au mbuzi yumo kwenye mihogo ya jirani.

Nikaamua kuipanga siku kwa kufuata jua. Alfajiri naandika barazani, mifugo bado bandani. Kukipambazuka nawafungulia kuku. Maji yao nayatia kwenye chungu nilichokifukia nusu mchangani, chini ya mwembe: hakipinduki, na maji hayapati moto upesi. Hili ndilo lililonifaa kuliko yote, maana kuku hatoki jasho. Akizidiwa na joto huachama mdomo, hutanua mabawa, na kutaga kunapungua.

Mbuzi nawafunga mkoroshoni kwa kamba isiyofika shambani, nikiwakatia majani ya mlonge. Adhuhuri nafagia banda, samadi naipeleka kwenye mchicha. Jioni nasahihisha ya alfajiri.

Sura iliyokwama tangu kipupwe sasa imekamilika, na jirani hajaja tena kudai mihogo yake.