Moja mara tatu: siku yangu dukani Busia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Nafungua kufuli mbili, nafagia vumbi ambalo malori yameniachia mlangoni usiku kucha. Duka langu la dawa liko upande wa Uganda, si mbali na foleni ya forodha. Busia hii ndiyo inayosemekana kuzaa jina la boda boda, enzi za vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani. Siku hizi ni pikipiki, na kila mwenye pikipiki mgongo unamuuma.

Mama yangu ni Msamia, baba alikuwa dereva kutoka Mombasa, kwa hiyo Kiswahili nilikunywa na maziwa. Ndicho kinachoniweka kazini. Wateja wangu ni madereva, matanboi wanaowasaidia kwenye malori, wachuuzi wa Kenya, Wakongomani wanaopita kwenda kwao. Wote huniita daktari. Mimi ni nesi, na nimechoka kusahihisha.

Kazi ya kwanza ni bahasha, zile ndogo za kutilia vidonge. Nazichora mapema: jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi. Zamani nilikuwa naandika "1×3" kama tulivyofundishwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mama mmoja wa sokoni Piriton kwa ajili ya mafua ya vumbi. Kesho yake alikuja amekasirika. Alikuwa amemeza vidonge vitatu kwa mpigo, akalala mpaka jioni, na nyanya zake zikaiva juani bila mwuzaji. "Umeandika moja mara tatu," akaniambia. "Shuleni kwetu moja mara tatu ni tatu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nililipa nyanya.

Tangu siku hiyo hakuna anayetoka dukani kwangu kabla ya kunieleza kwa mdomo wake: utainywaje?

Saa mbili

Mama kijana, mtoto wa kama miaka mitatu mgongoni, kamasi mpaka mdomoni. Anataka dawa ya maji ya amoksilini. Mtoto anacheka, anavuta leso ya mamake, anapumua vizuri, joto hana. Namwambia hayo ni mafua tu, yanaletwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Inaua bakteria tu.

"Lakini kamasi limekuwa la kijani, daktari."

Hili nalisikia kila wiki. Kamasi hubadilika rangi mwili unapopigana, hata kwa mafua ya kawaida, na rangi peke yake haithibitishi bakteria. Isitoshe leseni ya duka kama langu si ya kuuza antibiotiki. Najua akivuka barabara ataipata. Nafanya ninachoweza: namwonyesha jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, na kutazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu. Pumzi zikienda mbio, kifua kikibonyea, au mtoto akikataa kunyonya na kunywa, asije kwangu, aende kituo cha afya moja kwa moja. Ameondoka na chumvi ya kusafishia pua na uso wa mtu aliyepunjwa.

Saa tatu na nusu

Mzee wa presha. Amestaafu ualimu, anavaa koti hata kwenye joto hili, na lazima tuanze na habari za watu wa nyumbani, mihogo, mvua. Ndipo anatoa bahasha ya mwezi jana. Imebaki nusu.

"Mzee wangu, mbona zimebaki?"

"Nakunywa siku kichwa kikiwa kizito, binti yangu. Siku nikiwa mzima, ya nini kuuchosha mwili?"

Sikumkatiza, kwa sababu ukimsikiliza utaona ana akili. Dawa zote alizozijua maishani zilifanya kazi hivyo: unaumwa, unakunywa, unapona, unaacha. Presha ndiyo inayovunja kanuni. Inaweza kupanda mno nawe ukajisikia wa kucheza ngoma, na kichwa kizito mara nyingi hakihusiani nayo hata kidogo. Nikampima: 168 kwa 98. "Unajisikiaje sasa hivi, mzee?" Akasema vizuri kabisa. Nikamgeuzia mashine asome mwenyewe. Mwalimu akakunja uso kama amepewa daftari la mtoto wa jirani.

Tumekubaliana kidonge kikae kando ya mswaki wake. Na asivimeze viwili kufidia jana. Jana imeshapita.

Saa tano

Tanboi wa lori la saruji, kijana wa miaka ishirini na kitu, anatetemeka ndani ya jaketi. Anataka sindano. Si vidonge. Sindano.

Nimemtuma kwenye maabara ya kliniki jirani kwanza, maana homa si lazima iwe malaria, na dawa ya malaria haitibu homa isiyo yake. Alinung'unika kwamba damu yake anaijua. Nilimwambia lori bado liko forodhani, haliendi popote.

Saa sita mchana

Amerudi na karatasi: malaria kweli. Nikatoa Coartem, vidonge 24. Akazitazama kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa mboga.

Imani ya sindano hapa kwetu ni kubwa. Sindano inauma, basi ina nguvu, ndivyo watu wanavyopima. Nikamwambia sindano ya malaria ipo, ni ya yule aliyezidiwa: anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, aliyepoteza fahamu. Na hata huyo akizinduka humalizia kwa vidonge. Wewe umekuja kwa miguu yako na unabishana nami. Utameza.

Nne sasa hivi. Nne baada ya muda wa saa nane, yaani saa mbili usiku. Kisha nne asubuhi na nne jioni, kesho na kesho kutwa. Homa itaweza kushuka kesho, na hapo ndipo wengi huacha, wakaweka zilizobaki kwa ajili ya malaria ijayo. Vimelea waliobaki hawajali kama umejisikia nafuu. Waliokuwa watu wazima miaka ya nyuma wanakumbuka klorokwini ilivyokuwa dawa ya kila nyumba. Vimelea waliizoea mpaka mwaka 2004 Uganda ikaamua kuiacha na kushika hii.

Halafu jambo linalosahaulika kuliko yote: imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Moja ya dawa mbili zilizomo, lumefantrini, huingia mwilini vizuri zaidi ikikuta mafuta tumboni. Ukimeza kwa chai ya rangi, sehemu kubwa inapita tu. Nimemnunulia chapati ya jirani, ya mayai. Akala, akameza mbele yangu, nikampa namba ya duka.

"Nieleze, utainywaje?"

Akaeleza yote bila kukosea, ila akauliza kama anaweza kuziacha pale mbele ya kioo cha lori. Hapana. Pale panaoka mkate. Ziweke ndani ya begi, kivulini.

Saa nane

Nimekula posho na maharage nyuma ya kabati. Mwenye boda kaja kuomba diklofenaki ya maumivu, mara ya tatu wiki hii. Tumbo linawaka moto, anasema ni pilipili. Sijamuuzia. Dawa za aina hiyo huchubua tumbo, na zikizoeleka huumiza figo. Nimempa parasetamoli na namba ya mtu anayejua kunyoosha kiti cha pikipiki, kwa sababu nimekitazama kile kiti.

Saa tisa na nusu

Mwuza mitumba, kichwa kinamgonga tangu jana. Namwuliza amekunywa nini, anamwaga mkoba kaunta: Panadol, vidonge vya mafua vya rangi ya chungwa alivyonunua upande wa Kenya, na unga wa limau wa kuchanganya na maji moto. Amevitumia vyote, kwa zamu, akiamini kimoja kikishindwa kingine kitasaidia.

Nikavipanga na kumsomea maandishi madogo. Parasetamoli. Parasetamoli. Parasetamoli. Nguo tatu, mtu mmoja. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na akiwa mwembamba au mnywaji wa pombe, hata hizo ni nyingi. Tulipohesabu pamoja ilifika gramu 11 tangu jana asubuhi. Panadol watu wanaiona kama peremende, na kweli ukifuata kipimo ni dawa salama. Ukizidisha inaliumiza ini, na ini halipigi kelele siku ile ile. Unaweza kujisikia nafuu kabla mambo hayajaharibika. Nimemwandikia barua fupi, nikampakia boda aende kituo cha afya leo hii, si kesho. Alidhani namtania.

Nilibaki nikitetemeka mikono kidogo, niseme ukweli.

Saa kumi na moja

Pilikapilika za watu kurudi nyumbani. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya damu kwa chai: nimemwambia avitenganishe, chai inazuia chuma kuingia mwilini, afadhali maji ya machungwa. Bibi anayelea mjukuu anayeharisha anataka "dawa ya kufunga tumbo". Nimempa ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, na zinki. Pakiti hii ni ya lita moja, chupa mbili za soda za nusu lita, maji yaliyochemshwa yakapoa. Asipunguze maji ili ikolee. Ikikolea, chumvi inamzidi mtoto. Ikipita siku moja, imwagwe. Na zinki iende siku 10 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

"Kumbe haifungi?" akauliza.

Haifungi, bibi. Inarudisha maji, na maji kumwishia mwilini ndiko kunakomuua mtoto.

Huyu bibi pia ndiye aliyenifundisha kitu mwaka jana. Nilikuwa nimemwambia dawa yake ya mifupa ni mara tatu, baada ya chakula. Alikuwa akinywa mara moja. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kwamba kwake chakula ni mara moja. Siku hizi kabla ya kutamka "baada ya chakula", nauliza kwanza: mama, leo umekula saa ngapi?

Saa mbili usiku

Nimeshusha mlango nusu. Simu inalia. Tanboi.

"Daktari, ni saa mbili kamili. Tumefika Namawojjolo, njia ya Kampala, nimekula kuku wa hapa. Mafuta yake yanatosha?"

Nikacheka peke yangu dukani. Yanatosha, kijana wangu. Meza nne.

"Nimemeza. Sasa, dereva naye ameanza kutetemeka. Nimepiga hesabu. Zimebaki 16. Nikimgawia nusu, ni nane kwa nane, kila mtu anapata haki yake."

Nikakaa chini kwenye kigoda. Hesabu nzuri, kama ile ya mama wa nyanya. Nikamwambia hizo 16 ni zake peke yake mpaka cha mwisho. Dereva asiguse usukani tena usiku huu, walale hapo hapo, na asubuhi Mukono haiko mbali, akapimwe kidole chake mwenyewe.

"Atakataa. Ana haraka ya kushusha mzigo."

"Mpe simu."

Nikasikia kishindo cha mlango wa lori, kisha sauti nzito yenye usingizi: "Eee, nani huyo?"

"Mzee, habari za safari," nikaanza. "Kwanza niambie, umekula?"