Bayogesi ya uani Pongwe: mtambo uligoma

Wiki ya 11
Moto wa jiko langu la bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na mabaki yanayooza ndani ya tangi, umekata. Jumatatu ulianza kuwa wa njano na kurukaruka, Jumatano nikawasha kiberiti, jiko likafuka tu. Ajabu, simtanki ya juu (lita 750, nimeipindua ndani ya ile ya 1000) bado inapanda. Gesi ipo, ila haishiki moto: hewa ukaa imezidi, methani, ile inayowaka, imepungua.

Mkosaji ni mimi. Msimu wa machungwa ya Muheza umeingia, na kijana wa juisi ananipa maganda bure, ndoo mbili kwa siku. Nikatia yote. Kumbe yale mafuta yanayokurukia machoni ukiminya ganda ndiyo hayohayo yanayoua vijidudu vinavyotengeneza methani. Nikaongezea na machicha ya nazi, ambayo huchacha upesi. Karatasi ya kupimia tindikali ilisoma 5.5, wakati inatakiwa icheze karibu na 7; namba ikishuka, tindikali imezidi. Hata harufu siyo ile ya mayai viza niliyoizoea, ni siki kali.

Mama alipita na jiko lake la mkaa. "Mwanangu, hili halijawahi kugoma."

Wiki ya 13
Siku 12 sikuulisha kitu. Nilitia jivu la kuni kidogokidogo kupunguza tindikali, kisha ndoo nne za samadi mbichi kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, nimezikoroga na maji sawa kwa sawa. Samadi huja na vijidudu vyake tangu tumboni mwa ng'ombe. Gesi mbovu niliiachia hewani, mbali na moto.

Leo karatasi imesoma 6.8. Jioni moto ukawa wa bluu, mfupi, umetulia, na birika la chai ya watu sita likachemka. Mama kanywa vikombe viwili, hajasema neno.

Shemeji ananishawishi nijaribu mabaki ya mkonge, maana Hale ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki hayo. Hoja anayo: nyuzi ni asilimia 4 hivi tu ya jani, kilichobaki hutupwa. Lakini majimaji ya mkonge nayo yana tindikali, na mimi huko ndiko nimetoka juzi.

Kwa sasa ndoo moja ya samadi kwa siku, na maganda ya ndizi kiganjani tu. Ya machungwa nimemwambia kijana ampe mwenye mbuzi.