Mbuzi wa mwisho na ndoo ya bluu

Jumamosi asubuhi huwa nasomesha watoto wa mtaa barazani kwetu Kikwajuni. Bure, kwa sharti moja tu: kila mmoja aje na mkeka wake. Wiki iliyopita walikuja watoto 14. Mikeka ilikuwa sita.

Wifi yangu alikuwa ameniletea kitabu cha picha kutoka Dar es Salaam, karatasi nzito zinazong'ara. Mbuzi saba wanafuatana, pua ya huyu mkiani kwa yule, wanapita shambani, wanapita kichakani. Wa mwisho, mwenye baka jeusi jichoni, anasimama: "Kwani tunakwenda wapi?" Hajibiwi. Anashika njia nyengine peke yake, anakuta mpapai uliojaa. Ukurasa wa mwisho hauna picha, maandishi matupu: Usifuate mkumbo! Sema na wenzako: NAFIKIRI MWENYEWE!

Basi nikawaambia waseme. Watoto kwa sauti moja, kama wanaoimba saba mara moja saba: "Na-fi-ki-ri mwe-nye-we!" Tena. "Na-fi-ki-ri mwe-nye-we!" Muuza madafu aliyekuwa akipita na baskeli yake alicheka mpaka akashuka. Mie nilichelewa kufahamu anachekea nini.

Mmoja tu hakusema. Ana miaka saba, meno ya mbele yamemtoka. Nikamwuliza mbona kimya.

"Mie naona yule mbuzi kakosea."

"Kakosea vipi?"

Akaja mbele, akarudisha kurasa mpaka picha ya tatu, akaweka kidole pembeni juu. Nyuma ya mgomba pana kisima, kidogo kama ukucha, na ndoo ya bluu imelala ubavu. "Wenziwe wanakwenda kunywa maji. Yule wa mbele anaijua njia. Huyu atakufa kiu na mapapai yake."

Kitabu kile nilikisoma mara tatu usiku wa kuamkia siku ile, kisima sikukiona. Na niseme ukweli, neno la mwanzo lililonijia lilikuwa "Kaa chini", na nililitamka. Sisi tuliopita skuli kwa kuitikia "Ndiyo mwalimu" tuna maradhi yetu.

Usiku nikamkumbuka bibi na hadithi yake ya punda wa dobi. Ni kongwe hiyo. Edward Steere, yule padri aliyekuja kuwa askofu, aliipata hapahapa Unguja akaichapisha London mwaka 1870. Punda kaponyoka kwenye kucha za simba, sungura kamfuata na maneno matamu, punda karudi, kauliwa. Simba anataka moyo na masikio, kumbe sungura keshakula vyote. "Punda yule hakuwa na moyo wala masikio," anamwambia. "Angekuwa navyo, angerudi?"

Bibi alikuwa akifika hapo anavuta kikombe chake cha chai ya mchaichai. Tukimwuliza maana yake, jibu lake lilikuwa moja: "Kamwulizeni punda." Tulikuwa tukigombana mpaka usingizi utuchukue, kama mwenye makosa ni punda au sungura, na dobi naye alikuwa wapi siku zote hizo.

Ule ukurasa wa mwisho nimeubandika na jalada kwa gundi. Jumamosi hii tunakisoma tena, na safari hii nimezipitia picha zote kwa miwani. Chini ya mpapai, kwenye majani, naona kitu kama kamba.

Sijawaambia.